Sinagogi ya Karibu na Mpanda Iko Wapi?

Huku Katavi vumbi limeshika, mitihani inanukia, na bumu limeisha kama kawaida yake, kabla hata hatujamaliza kulisifia. Leo nina hoja moja tu ila ni ndefu kidogo, kwa hiyo vuta stuli.

Wiki hii kwenye grupu letu dada mmoja wa mwaka wa pili aliuliza swali la mstari mmoja: kuna mtu anajua sinagogi ya Wayahudi iliyo karibu na Mpanda? Majibu mliyaona. Mmoja akamwambia apande treni ya Tabora, akifika akaulizie behewa la Yerusalemu. Mwingine akamtumia picha ya mzee mwenye ndevu ndefu. Wa tatu, tena kwa nia njema kabisa, akamwelekeza kwenye kanisa fulani lenye nyota ya Daudi juu ya mlango. Baada ya hapo stori ikahamia kwenye mechi ya Jumapili.

Msimamo wangu ni huu. Swali lile lina jibu, na tulipaswa kumpa. Nasema hivyo kwa sababu dada huyu (ameniruhusu kulisema, bila jina) alikuwa amebakiza kidogo tu amtumie laki moja na nusu mtu wa mtandaoni anayejiita rabi, aliyemwahidi cheti cha kuwa Myahudi pamoja na shuka la kusalia. Laki na nusu, jamani! Mnajua wenyewe hiyo ni milo mingapi ya mama ntilie. Mtu akiuliza jambo la imani sisi tukamcheka, anayebaki kumjibu ni tapeli.

Yeye kakulia kwenye nyumba ya Kisabato. Kasoma Torati tangu mdogo, na sasa anataka kukaa na watu wanaoisoma kwa Kiebrania ajionee wanavyoielewa. Hajasema anabadili dini kesho asubuhi. Anataka kufika na kuona.

Basi tuanze na ukweli mchungu: sijakuta sinagogi Mpanda, wala sehemu nyingine yoyote ya mkoa huu. Ukiangalia jinsi dini zilivyofika huku utaelewa kwa nini. Dini hufuata njia. Uislamu uliingia bara na misafara iliyokwenda Tabora na Ujiji. Ukatoliki ulipita Karema, pale ziwani kwetu, ambako Wabelgiji walijenga kituo mwaka 1879 na Mapadre Weupe wakakichukua mwaka 1885. Reli ya kutoka Kaliua kuja Mpanda ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ya madini ya risasi, ikaleta watu wa kila namna. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walipowekwa Katumba walikuja na makanisa yao mioyoni kabla hawajapata matofali ya kuyajengea.

Wayahudi waliofika ukanda huu walifuata njia nyingine. Walikwenda Nairobi, mji wa reli na mashamba. Walikwenda Katanga kwenye shaba na biashara. Na kule Uganda ilitokea kitu cha ajabu zaidi: watu waliingia Uyahudi bila kuletewa na Myahudi yeyote. Nitafika huko.

Kabla ya kutaja miji, tutofautishe vitu, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Neno sinagogi limo kwenye Biblia zetu za Kiswahili, kwa hiyo kila mtu anadhani analijua. Nyota ya Daudi imechorwa kwenye bodaboda, kwenye daladala, mpaka kwenye vinyozi. Lile kanisa maarufu la marehemu T.B. Joshua kule Lagos lina neno sinagogi kwenye jina lake, na ni kanisa la Kikristo. Wasabato wanatunza Jumamosi, na ni Wakristo. Wapo pia wanaojiita Wayahudi wa Kimasihi, wanaovaa mashuka yenye vishada na kupiga pembe ya kondoo huku wakimwamini Yesu kuwa ndiye Masihi. Wana haki yao kuabudu hivyo, simsemi mtu vibaya. Ila anayetafuta sinagogi ya Wayahudi akipelekwa huko atakuwa amepelekwa kanisani.

Njia ya kutambua ni maswali matatu. La kwanza, je, wanafundisha kwamba Masihi alishakuja na ni Yesu? Wakisema ndiyo, hapo ni kanisa. La pili, wanasoma nini? Sinagogi husoma Torati kwa Kiebrania, kutoka gombo la ngozi lililoandikwa kwa mkono, sehemu moja kila wiki, na wengi hukamilisha vitabu vyote vitano vya Musa kwa mwaka. La tatu, wanakuharakisha? Rabi wa kweli hakuvuti shati. Mafundisho yao yanasema asiyekuwa Myahudi halazimiki kuwa Myahudi ili awe mwema mbele ya Mungu, kwake zinatosha amri saba za Nuhu. Kwa hiyo ukienda kusema unataka kuingia, kuna uwezekano mkubwa wa kuambiwa kwanza utulie, usome, ukae na jumuiya. Mwaka unaweza kupita, hata zaidi. Mwisho wake kuna baraza la watu watatu la kukuhoji, na kuna kuzama kwenye maji, na kwa wanaume tohara. Cheti cha kutumiwa ukishalipa kwa simu hakimo kwenye mpango huo.

Haya, sasa miji. Toa ramani.

Kwa hapa nchini jibu ni Arusha. Kuna jumuiya ndogo ya Wayahudi Watanzania, na wapo wanaoeleza asili yao kuwa Yemeni na Morocco. Ni wachache, kwa hiyo usitarajie jengo lenye kuba linaloonekana toka stendi. Kwa faida ya msomaji wa Katavi, nimepima ramani: kutoka Mpanda hadi Arusha kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 700. Kwa basi, ukipita Sikonge, Tabora na Singida, ni zaidi sana ya hapo, na mgongo wako utakupa hesabu kamili.

Ajabu ni kwamba Lubumbashi nayo iko kama kilomita 700 hizohizo, upande wa pili. Sisi wa mkoa wa ziwa tunasahau kwamba Kongo ni jirani na kwamba Kiswahili kinatupeleka mpaka sokoni kwao bila mkalimani. Lubumbashi ina sinagogi iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati mji ukiitwa Elisabethville. Waliojaa humo zamani ni Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, ambacho leo ni cha Ugiriki na wakati huo kilikuwa chini ya Italia. Walikuja kufanya biashara Katanga, wengine wakiwa wamekimbia sheria za ubaguzi zilizotungwa Italia mwaka 1938. Julai 1944 Wajerumani waliwakusanya Wayahudi waliobaki Rhodes, zaidi ya watu 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Wengi sana hawakurudi. Kwa hiyo waliokuwa Elisabethville wakiuza vitambaa na samaki wakawa ndio mabaki ya kisiwa chao.

Na kama unadhani habari hii haikuhusu, kumbuka TP Mazembe, timu walikocheza Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu wakachukua ubingwa wa Afrika mwaka 2015. Bosi wa timu ile, Moïse Katumbi, baba yake alikuwa Myahudi kutoka Rhodes. Tulishangilia usiku ule na hakuna aliyeuliza baba wa mwenye timu alisali wapi.

Leo Wayahudi wa Lubumbashi wamebaki wachache sana. Ndiyo maana nasema usikate tiketi kwa kuangalia picha ya jengo. Sinagogi ni watu. Kwa utaratibu wao, kuna sala kamili na usomaji wa Torati ambavyo vinahitaji watu wazima kumi, kuanzia miaka kumi na tatu. Jengo zuri lenye watu sita halitoshi, na chumba cha udongo chenye watu kumi kinatosha.

Wa tatu ni Nairobi. Hii ndiyo rahisi kuipata, maana iko katikati ya jiji, jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi, na wanafunzi wenzetu wanapita ukuta wake kila siku wakiwahi vipindi. Jumuiya ile ilianza mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilitaka kuwapa Wayahudi wa Ulaya ardhi ya Uasin Gishu, huko Eldoret, wahamie. Mkutano wao mkuu ulikataa mwaka 1905, ila wachache walishakuja kivyao, na baadaye mmoja wao, Israel Somen, alikuwa meya wa Nairobi miaka ya 1950. Ukienda pale utakuta walinzi, na huwezi kuibuka tu Ijumaa jioni na begi lako la mgongoni. Usinune. Novemba 2002 hoteli ya Waisraeli ya Kikambala, karibu na Mombasa, ilipigwa bomu, wakafa Wakenya 10 na Waisraeli 3. Unawaandikia mapema, unajitambulisha wewe ni nani, unasoma wapi, unatafuta nini, na unasubiri wakujibu.

Kenya hiyohiyo, eneo la Kasuku kule Nyandarua, kuna familia za wakulima waliokuwa kwenye dhehebu la Kimasihi. Walipokutana na Wayahudi wa Nairobi wakagundua kwamba hayo ni mambo mawili tofauti, wakachagua Uyahudi na kuanza kujifunza upya, wakisaidiwa na wenzao wa Uganda. Hapa kuna somo kwa dada yetu: watu hawa walipata njia kwa kuuliza, na waliowauliza hawakuwacheka.

Wa nne ni Mbale, Uganda, na hapa nitakaa kidogo. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuteka mashariki ya Uganda, kisha wakakosana. Alisoma Biblia kwa makini, akaona Torati inasema tohara, inasema Sabato, na mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanawe. Akaambiwa kufanya hivyo ni kuwa Myahudi. Akajibu basi yeye ni Myahudi. Alifariki mwaka 1928 akiacha wafuasi wanaoitwa Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda.

Idi Amin alipiga marufuku dini yao. Sala zikaingia mafichoni, na waliobaki waaminifu wakashuka mpaka mia kadhaa tu. Sasa sikilizeni: Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi yetu na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyohiyo ndiyo ilikuwa inaingia Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Wale wazee wetu mnaowaona wanasimulia vita ya Kagera vijiweni, kuna watu Mbale ambao kwao kazi ile iliangukia kwenye sikukuu yao ya uhuru. Mwaka 2002 mamia ya Abayudaya walipitishwa rasmi mbele ya baraza la marabi. Mwaka 2008 Gershom Sizomu alimaliza masomo ya urabi Marekani akarudi kijijini, na mwaka 2016 akachaguliwa mbunge. Mwaka huohuo ilifunguliwa sinagogi mpya kwenye kilima cha Nabugoye.

Kwa msichana kuna jambo la kujua kabla ya kufunga begi. Nabugoye wanafuata mkondo unaomhesabu mwanamke katika wale kumi. Nairobi na baadhi ya vijiji vya jirani na Mbale wanafuata mkondo wa Kiothodoksi, huko wanaohesabiwa ni wanaume. Ajue anakwenda wapi, achague mwenyewe, asije akashangaa mlangoni.

Kigali nayo tusiiache. Harakati ya Chabad ilifungua kituo pale miaka ya karibuni, na kwa mstari ulionyooka Kigali ni kama kilomita 500 tu kutoka Mpanda. Ila Chabad kazi yao kubwa ni kuwahudumia Wayahudi wakazi na wasafiri, na hawatafuti waongofu. Kwa mgeni Myahudi aliyekuja kutazama viboko Katavi, hiyo ni namba nzuri ya kuwa nayo. Kwa dada yetu ni mlango wa kubisha taratibu.

Najua mnachowaza: mwanafunzi wa bumu atasafirije mpaka huko kila wiki? Hawezi, na wala haihitajiki. Tena Myahudi mshika dini hasafiri siku ya Sabato. Mengi ya Uyahudi yanafanyika nyumbani. Sabato inaingia Ijumaa jua likizama, na hilo kwetu Waswahili wala si geni, maana tangu zamani siku yetu inaanza magharibi, si saa sita ya usiku. Unawasha taa kabla jua halijazama, unakula chakula ulichopika mapema, unasoma, unapumzika, unaacha simu. Ukisali unaelekea Yerusalemu, ambayo kutoka hapa ni kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo. Ndugu zetu Waislamu nao wakisimama kwa Makka wanaelekea kaskazini, wakiegemea mashariki zaidi kidogo, kwa hiyo hata chumba kimoja cha hosteli kinawatosha wote.

Chakula? Torati inaruhusu samaki mwenye mapezi na magamba. Migebuka, dagaa wa Kigoma na sato wamo. Kambale hayumo, poleni. Nyama ni ngumu maana inahitaji mchinjaji aliyesomea kazi hiyo kwa utaratibu wao, kwa hiyo wengi walio mbali na jumuiya hula samaki, maharage na mboga. Na kitu cha kutufurahisha wana Katavi: nyuki mwenyewe haliwi, lakini asali yake inaruhusiwa, na mwaka mpya wa Kiyahudi unakaribishwa kwa kuchovya tufaha kwenye asali. Mkoa huu tunalina asali ya kutosha kuchovya matufaha ya dunia nzima.

Kwa hiyo kwa maoni yangu dada afanye hivi. Ile laki na nusu aifiche. Aandike barua tatu fupi, Arusha, Nairobi na Mbale, akijieleza bila kujikweza. Asubiri. Atakayemjibu kwa kumuuliza maswali na kumpa kitabu cha kusoma, huyo aendelee naye. Atakayemjibu kwa kumpa namba ya kutumia pesa, huyo amfute. Likizo ndefu ikifika, aende mara moja, akae nao Sabato moja au mbili, asikilize kuliko kuongea. Akirudi akasema haikuwa yake, atakuwa amejua. Akirudi akasema ni yake, atakuwa amejua vilevile.

Na sisi je? Nina mambo mawili, na yote nayasema kwa herufi kubwa moyoni.

Moja, Jumamosi. Test za Jumamosi na vipindi vya kufidia vinawabana Wasabato wengi wa kampasi yetu, hata tusipomhesabu huyu mmoja. Katiba yetu ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani. Serikali ya wanafunzi ipeleke ombi kwa maandishi, ratiba ikitoka mapema ipangwe siku nyingine. Mtu kuchagua kati ya Mungu wake na kapu la alama ni mtihani ambao haumo kwenye mtaala.

Mbili, habari za vita. Kuna mtu alimwandikia dada pembeni akimtaka aeleze ya Gaza. Jamani. Vita ile imetuumiza na sisi: tarehe 7 Oktoba 2023 waliuawa vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kujifunza kilimo, Clemence Mtenga na Joshua Mollel, na Clemence alikuwa zao la Sokoine, mwenzetu kabisa. Baada ya hapo wameuawa Wapalestina maelfu kwa maelfu, wakiwemo watoto wengi. Kila mtu ana haki ya kulia na kuhoji. Lakini dola ni dola, na mtu anayetaka kuwasha taa Ijumaa jioni akiwa Mpanda si waziri wa mtu. Hatumwulizi Mkatoliki wa Karema kuhusu siasa za Roma, wala Muislamu wa Ujiji kuhusu mafuta ya Saudia.

Wale mliotuma vichekesho kwenye grupu, mnajijua, na dada naye anawajua. Kumtumia ujumbe wa kumpa pole kunagharimu kifurushi kidogo tu. Na kama kuna mdau mwenye ndugu Arusha au Mbale anayeweza kumpokea mgeni wa kike kwa siku mbili tatu wakati wa likizo, anitafute, niko bloku ileile.

Nawasilisha. Mitihani mema.